Nyumba Iliyookotwa

Kwetu, katika vijiji vya ufukweni vya kata ya Lipingo, nyumba ikianguka haiachwi wazi. Siku ya tatu ndugu hukusanyika na kuiokota. Ndivyo tunavyosema: kuokota nyumba, kama mtu aokotavyo mahindi yaliyomwagika njiani. Wanaume husimama mstari mmoja kutoka penye kifusi hadi pembeni mwa kiwanja na kupokezana matofali, mazima upande huu, vipande upande ule. Wanawake husomba udongo na kufagia mpaka iliyokuwa sakafu na uliokuwa uwanja viwe kitu kimoja. Mwisho, mwenye nyumba huinama, huchukua mafiga yake matatu na kuyapeleka mahali atakapolala. Asili ya desturi hii sijapata kuisoma popote, na kwa kuwa sijaisoma sitaisimulia. Najua tu sababu niliyopewa na mama yangu: nyumba iliyolala chali ni kama maiti isiyofunikwa, na mpita njia hana haki ya kuona chumba alichokuwa akilala mtu.

Naieleza desturi hii kwanza kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeelewa jinsi dada yangu alivyokosa nyumba iliyotolewa kwa fedha za umma, wala jinsi ambavyo aliyemkosesha ni mimi.

Nilifundisha maisha yangu yote ya kazi katika wilaya ya Mbinga, na sehemu kubwa ya maisha hayo nilikuwa mkuu wa shule huko Ruanda, kwenye milima ya kahawa. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukuu nilimfukuza kazi mlinzi wa shule. Watu watatu, ambao nao walikuwa wamesikia kwa wengine, waliniambia kwamba anauza miche ya kahawa ya shule. Sikungoja. Mwezi uliofuata niliikuta miche ile imepandwa kwa mistari shambani kwa parokia, kwa barua halali ya mkuu aliyenitangulia, barua ambayo ilikuwa ndani ya jalada langu mwenyewe na sikuwa nimeisoma. Nilimtafuta mlinzi nimrudishe. Alikuwa amehama na watoto wake, na hakuna aliyejua kwa hakika alikokwenda. Kila mtu alikuwa amesikia tu. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti: sitatia sahihi jambo lolote ambalo sikuliona kwa macho yangu au kulisoma katika karatasi yenye mhuri. Sharti hilo lilinipatia heshima kazini. Sikupata kujiuliza lingemgharimu nani.

Nilipostaafu nilirudi ziwani nilikozaliwa. Nilijenga nyumba yangu juu ya barabara, mahali ambapo hata mlevi hawezi kudai kwamba maji yatafika. Dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, alikuwa akikaa chini, karibu na mdomo wa mto, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu. Aliijenga pamoja na mumewe kwa usipa, dagaa wa ziwa letu: yeye akianika na kuuza, mume akivua. Mume alifariki, akazikwa nyuma ya nyumba, na dada yangu akabaki na vichanja vyake vya kuanikia na ufagio wake. Nautaja ufagio kwa makusudi. Hapakuwa na uwanja msafi kuliko wake katika kijiji kizima. Kila Jumapili baada ya ibada nilishuka kula kwake.

“Shikamoo kaka,” angesema kutoka jikoni, kabla hajaniona, kwa kuutambua mwendo wangu.

“Marahaba. Umejuaje kama ni mimi?”

“Nani mwingine anatembea kama anakagua mstari wa wanafunzi?”

Mwaka ule mvua za masika zilianza vizuri na kuharibika mwishoni. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimeitwa Mbinga kwa uhakiki wa wastaafu, zoezi ambalo mtu husimama mbele ya kijana mwenye kompyuta ili kuthibitisha kwamba hajafa. Wenzangu wengi hulichukia. Mimi nililipenda. Niliona kuwa ni haki kabisa kwamba serikali isimlipe mtu kwa kuambiwa tu kuwa yu hai. Nikasimama, nikaweka kidole, nikathibitishwa.

Usiku huohuo mvua ilinyesha milimani bila kupumua, na asubuhi tukaambiwa barabara ya kushuka Mbamba Bay imefungwa na maporomoko. Nilikaa siku tisa katika nyumba ya shemeji yangu, Mmatengo, ndugu wa marehemu mke wangu. Siku ya kumi nilipata nafasi katika gari dogo la abiria. Nilipokuwa nashuka niliyaona mashamba ya Wamatengo yaliyochimbwa ngolo, yale mashimo yao ya kushika maji ya mvua, na milima yake ilikuwa imetulia kama siku zote. Ila pale barabara ilipoukata mlima, mlima ulikuwa umekuja kuketi katikati ya lami.

Nilipofika kijijini nilishuka moja kwa moja mtoni. Mto ulikuwa umerudi mahali pake na kunyamaza. Pale ilipokuwa nyumba ya dada yangu palikuwa na uwanja. Ulikuwa umefagiliwa hivi kwamba mistari ya ufagio ilionekana, na kaburi la mumewe lilikuwa wazi mbele ya macho, kwa kuwa hakuna tena ukuta uliolikinga. Matofali yalikuwa yamepangwa uani kwa mdogo wa marehemu, na dada yangu alikuwa akilala katika jiko la shemeji huyo, na mafiga yake matatu mbele yake.

Nilimpa pole. Nikamwomba aje kwangu. Akakataa, akisema mjane akihama mji wa mumewe, kaburi hubaki bila mtu wa kulipalilia.

“Ningekungoja uone tulivyoiokota,” alisema, “lakini siku ya tatu haingoji mtu. Vijana walipokezana mpaka tofali la mwisho. Hatukuacha hata kipande cha kumkwaza mtoto.”

Nikasema vizuri. Na nilimaanisha. Ilikuwa kazi nzuri.

Wiki sita baadaye ulikuja mkutano. Mama mmoja mtaalamu, mwenye viatu vya mvua na sauti ya upole, alitueleza kwamba serikali imetenga fedha za kujenga upya makazi katika maeneo ya hatari. Kila kaya ambayo nyumba yake imeangushwa na mafuriko ingepewa kiwanja juu ya barabara, saruji, mabati na fundi. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mwenye nyumba asijenge tena chini. La pili, uharibifu uthibitishwe na mtu mmoja kutoka kijijini, mwaminifu, asiye na maslahi, ambaye angezunguka na kujaza fomu kwa kile alichokiona.

“Kwa alichokiona,” alirudia. “Tumechoshwa na orodha hewa. Kuna mahali tumejengea watu ambao hawakuwahi kuwapo.”

Nilipiga makofi. Nakumbuka kwamba nilianza peke yangu, na wengine wakafuata. Mwenyekiti wa kijiji akasimama na kusema hakuna haja ya kura, mthibitishaji yupo, na ni mimi. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: “Mwalimu? Huyo hata jua hasemi limechwa mpaka aende kulitazama!” Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa niliihesabu kama sifa.

Fomu zilikuwa na safu nyingi, lakini iliyokuwa na uzito ilikuwa moja: “Hali ya nyumba kama ilivyoonekana na mthibitishaji.” Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi na maneno yanayoeleza adhabu ya kutoa taarifa ya uongo. Nilimwuliza yule mama, mbele ya mwenyekiti, kuhusu nyumba zilizokwisha kuokotwa. Ilinibidi nimweleze maana yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama saa yake, akasema:

“Mzee wangu, ninakuelewa. Lakini nikienda ofisini na picha ya uwanja uliofagiliwa, nitasema nini? Wewe andika unachokiona. Kama ulikuwapo ilipoanguka, andika kwamba uliiona. Neno lako linatosha.”

Neno langu lilitosha. Hakuna anayeweza kusema kwamba mlango ulifungwa. Ulikuwa wazi, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu: sentensi moja. Waliokuwapo siku ya mafuriko wangeweza kuniambia, na mimi ningeweza kuandika. Lakini sikuwapo, na ningeandika “niliona” juu ya jambo ambalo niliambiwa.

Tulizunguka siku mbili, mimi na mwenyekiti. Hapo ndipo nilipoanza kuona upotofu wa jambo lile, ingawa sikuukiri. Waliokuwa na ndugu wengi na wenye bidii nyumba zao zilikwisha kuokotwa, viwanja vitupu. Waliogombana na ndugu zao, au ambao hakuna aliyewajali, vifusi vyao vilikuwa vimelala palepale, vizuri kwa kutazamwa. Nikaandika nilichokiona. Viwanja vitupu nikaviandikia: “Hakuna jengo lililoonekana.”

Karibu na daraja tulimkuta mwanamume mmoja amesimama juu ya gofu lake kama nahodha. Alikuwa fundi wa redio aliyehamia Mbamba Bay zamani, na alikuwa amerudi asubuhi ile kwa bodaboda, shati jeupe, kalamu mfukoni. Mwenyekiti alinivuta pembeni.

“Mwalimu, nyumba hii ilianguka mvua za mwaka juzi. Alijenga kwa matofali mabichi. Ndugu zake walikataa kuiokota kwa sababu ya ugomvi wa mtumbwi. Kila mtu anajua.”

“Kila mtu anajua, au kila mtu amesikia?”

“Niliiona mimi mwenyewe, mwalimu.”

“Una maandishi? Taarifa ya kijiji ya mwaka huo?”

Hakuwa nayo. Mwaka juzi mimi nilikuwa bado Ruanda. Nilitazama ukuta: ulikuwa umeanguka. Nilitazama chini: palikuwa na tope. Fundi redio akaniambia kwa unyenyekevu mkubwa, “Shikamoo mwalimu wangu. Wewe andika tu unachokiona.” Nikaandika: “Nyumba imeanguka yote.” Macho hayasomi tarehe. Hilo nililijua tangu nikiwa kijana, na bado nilitia sahihi.

Kwa dada yangu tulifika mwisho. Nadhani mwenyekiti aliupanga mzunguko hivyo makusudi, ili niwe nimechoka au nimelainika. Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, kanga mpya kiunoni, na alikuwa amefagia tena.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba.”

“Kilikuwa hapa chumba cha kwanza,” akaanza, akinionyesha kwa mguu kana kwamba mimi ni mgeni. “Hapa sebule. Hapa ndipo ulipokuwa ukikaa Jumapili, mgongo ukutani, ukilalamika chumvi.”

“Najua nyumba ilikuwapo,” nilisema. “Swali ni namna ilivyoondoka.”

Akanitazama. Mwenyekiti akakohoa na kusema, “Mwalimu, mimi mwenyewe nilishika tofali hapa. Watu zaidi ya ishirini walipokezana.”

“Andikeni basi barua, ninyi ishirini, mtie sahihi, nitaiambatanisha. Mimi nitaandika nilichokiona.”

“Barua itafika lini?” aliuliza mwenyekiti. “Mama yule anaondoka kesho na fomu zake.”

Dada yangu alikuwa bado ananitazama. “Kaka, mimi nikikuambia kwamba nilitoka na maji kiunoni, nikaigeukia nyumba yangu, nikaiona inapiga magoti upande wa jikoni kwanza, hayo kwako ni uvumi?”

“Ni ushahidi wako. Si wangu.”

“Na mimi ni nani kwako?”

Niliandika. Nakumbuka kalamu iligoma na ikanibidi niitikise. “Hakuna jengo lililoonekana. Kiwanja kimefagiliwa.” Sentensi ya pili haikuhitajika na fomu, niliiongeza ili nionekane mwenye haki, ili msomaji makini huko ofisini ajiulize kwa nini kiwanja cha mjane kifagiliwe. Ofisini hakukuwa na msomaji makini. Na hata angekuwapo, alichokuwa akikihitaji ni neno moja la kaka mtu, na kaka mtu hakuliandika. Nilijiambia kwamba ningemwandikia “niliona” dada yangu, kesho watu wangesema mthibitishaji amempendelea ndugu yake, na orodha nzima ingechafuka. Hayo yalikuwa kweli. Nimekuja kugundua uzeeni kwamba ukweli mwingi hufaa kujifichia nyuma yake.

Mwenyekiti aliandika barua usiku uleule, na watu wakatia sahihi na dole gumba. Ilifika ofisini siku mbili baada ya fomu. Ikajibiwa kwa adabu: tathmini imefungwa, na taarifa ya mthibitishaji wa kijiji ndiyo inayotambuliwa. Jibu lilikuwa na mhuri. Nililisoma mara mbili.

Kabla ya mvua nyingine nyumba za juu zilikuwa zimesimama, mstari mmoja, mabati ya rangi moja. Ni nyumba nzuri, sina sababu ya kusema vinginevyo. Fedha ya umma ilifanya ilichotumwa kufanya, ila kwa watu ambao haikuwajua. Fundi redio alipokea funguo kwa mikono miwili, akaweka kufuli, na mwezi uliofuata akampangisha nesi wa zahanati. Ninapita mbele ya nyumba ile kila niendapo kanisani. Nesi ni binti mwenye heshima. Hunisalimu, nami huitikia nikitazama pembeni.

Waliokosa walifanya wanachoweza. Wengine walihamia kwa watoto wao. Dada yangu aliyachukua matofali yake uani kwa shemeji, akamwita fundi wa kijiji, na akaijenga upya nyumba palepale, mdomoni mwa mto. Hivi ndivyo mpango wa kuwaondoa watu kwenye hatari ulivyomwacha hatarini yule aliyetii kila kitu: aliyeokota, aliyefagia, aliyesema kweli. Nilipeleka saruji kutoka kwenye pensheni yangu. Fundi aliniambia kwamba ameagizwa asiipokee.

Nikashuka Jumapili, kama kawaida.

“Shikamoo mwalimu,” alisema kutoka jikoni.

Mwalimu. Kijiji kizima huniita hivyo. Yeye hakuwa ameniita hivyo hata siku moja, hata nilipokuwa mkuu wa shule na watu wakinivulia kofia. Nilikula. Chumvi ilikuwa sawa. Nilirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara salamu ilikuwa hiyo, kwa sauti ya adabu kamili, isiyo na kasoro ambayo ningeweza kuilalamikia.

Kijiji nacho kilinikumbusha kwa namna yake. Mama mmoja anayeuza samaki sokoni aliwahi kurudisha mbasa kwenye beseni mbele yangu. “Huyu usimnunue, mwalimu. Hukuniona nikimvua.” Wenzake wakaangua kicheko, nami nikaondoka mikono mitupu. Na kuna lililo zito kuliko mzaha. Siku hizi ukuta wa jiko ukianguka, mwenyewe hupiga picha kwa simu na kuuacha. Nimeona kifusi chenye misumari kikikaa miezi mitatu katikati ya mji wa watu, watoto wakicheza juu yake, kwa sababu huenda tathmini ikaja. Mstari wa kupokezana matofali sijauona tena. Desturi niliyofundishwa na mama yangu haikuuawa na mafuriko. Iliuawa na fomu, na mwandiko ulioijaza fomu hiyo ni wangu.

Mvua ya pili haikuja kwa ghafla. Ilitupa siku mbili za kujua. Nilishuka asubuhi ya siku ya pili na kumkuta dada yangu amekwisha kutoa magodoro, sufuria, picha ya mumewe na mafiga. Vijana walivibeba hadi barabarani. Tukasimama pale juu, mimi na yeye, mwavuli mmoja baina yetu ambao hakukubali kuingia chini yake. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yakibeba magogo.

“Angalia vizuri, mwalimu,” alisema. “Itaanza jikoni.”

Ilianza jikoni. Ukuta ulipinda kidogo kwa ndani, kama mtu aliyepigwa tumboni, kisha kona ikashuka, kisha bati likainama na kuingia majini upande mmoja. Hapakuwa na kishindo nilichokitarajia. Ilichukua muda mfupi kuliko muda wa kuita majina ya darasa moja. Nilijua sasa kwamba alikuwa ameniambia kweli kwa kila neno, hata lile la kupiga magoti.

“Umeiona?”

“Nimeiona.”

“Una hakika? Usije ukasema ni mimi niliyekuambia.”

“Nimeiona, dada yangu.”

Siku ya tatu ndugu walikuja, wachache, wale wazee ambao bado wanakumbuka. Nilikuja nami, nikavua koti na kukunja mikono ya shati. Sikuwa nimeshika tofali tangu ujana wangu. Nilisimama kwenye mstari, wa kwanza, karibu na kifusi, kwa sababu ndipo pazito. Dada yangu alikuja kutoka kwa shemeji yake, akasimama mbele yetu na mikono nyuma.

“Nawashukuru kwa kuja,” alisema. “Rudini nyumbani. Asiguse mtu hata tofali moja.”

Mzee mmoja wa upande wa mumewe akasema, “Mama, nyumba italala wazi? Watu watapita wakitazama chumba chako?”

“Watazame. Safari ile niliifunika mapema. Mthibitishaji akaja akakuta pasafi.” Hakupaza sauti. “Safari hii aione mpaka atosheke.”

Kwetu nyumba haiokotwi bila ruhusa ya mwenyewe. Wazee wakaondoka mmoja mmoja. Nikabaki nimesimama na shati limekunjwa.

Wiki ileile nilipanda ofisini. Nilikuwa nimehifadhi fomu moja ya ziada, nikaijaza kwa mwandiko wangu bora: vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, imeanguka yote, ikianzia jikoni, mbele ya macho yangu. Niliandika siku na saa. Kijana aliyenipokea alikuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu, akaniamkia vizuri na kunipa kiti. Aliisoma hadi mwisho.

“Fomu hii ni kamili sana, babu. Laiti zote zingekuwa hivi.” Kisha akaeleza. Mpango ule ulikwisha, na fedha zake zilikwisha nao. Na hata kama ungekuwapo, eneo lile la mdomo wa mto lilikwisha kutangazwa kuwa halifai kwa makazi. “Kwa hiyo kwa upande wetu, babu, pale hapana nyumba. Hairuhusiwi kuwapo. Hatuwezi kuijenga upya nyumba ambayo haikuwapo.”

“Mimi niliiona,” nilisema.

“Siyo kwamba nabisha, babu.”

Nilirudi na fomu yangu. Kabla ya mwisho wa mwezi dada yangu alipanda Mbinga kwa binti yake, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka. Kaburi la mumewe alituachia mimi na shemeji yake. Sikuambiwa siku ya kuondoka; nililiona gari likipita, na yeye dirishani, mafiga ndani ya mfuko wa sandarusi magotini.

Kifusi bado kipo. Nyasi zimeota upande wa sebule. Ukuta wa chumba chake cha kulala umebaki kiasi cha kiuno cha mtu, na msumari aliokuwa akitundikia kanga unaonekana hata kutoka barabarani. Nashuka kila Jumapili baada ya ibada. Napalilia kaburi. Matofali siyagusi, sina ruhusa. Nimekwisha kuyajua hivi kwamba ningeweza kuyachora.

Dada yangu hunipigia simu mara moja kwa mwezi, Jumapili mchana, baada ya kula. Ananiuliza hali ya ziwa na bei ya usipa. Nami humwuliza kifua chake, kwa maana baridi ya Mbinga haimpendi. Kabla ya kukata huuliza swali lilelile.

“Shikamoo tena, mwalimu. Nyumba bado inaonekana?”

“Inaonekana.”

“Umeiona mwenyewe, au umeambiwa?”

“Nimeiona mwenyewe. Leo asubuhi.”

“Haya,” husema. “Endelea kuiangalia.”